Uso wa Zimwi

Katika majalada kumi na mawili ya vitabu vya ngano aliyokwisha kuyachora, Tunu hakuwahi kuonyesha uso wa zimwi. Alichora mgongo, kivuli ukutani, au vidole vimeshika ukingo wa mlango. Uso aliwaachia watoto wajitungie wenyewe. Safari hii mchapishaji alikataa katakata. Alitaka uso.

Basi asubuhi ile Tunu aliketi mezani, akaiachia brashi iende inakotaka. Ikatoka sura ya mwanamume mwenye nyusi zilizoungana na mdomo uliopinda upande mmoja, kama anayejizuia kucheka. Hakuwa na pembe wala meno marefu. Hata hivyo, kila alipomtazama, Tunu alijikuta akisogeza kiti nyuma.

Mama yake akaingia na kikombe cha chai. Alipoiona picha, chai ilimmwagikia vidoleni, wala hakuonekana kuhisi moto wake.

"Nani amekuonyesha huyu?"

"Hakuna, mama. Nimembuni tu."

"Nilimkimbia baba yako ukiwa bado tumboni, Tunu. Na picha zake zote nilizichoma kwa mkono wangu."

Tunu akanyoosha mkono aifunike picha. Mama akamzuia. Akaichukua brashi, akaichovya kwenye rangi nyeusi, na kwa utulivu wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano, akatia doa dogo chini ya jicho la kushoto.

"Hili ulilisahau," alisema.

Kisha akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, taratibu, bila kuipa ile picha mgongo.