Taa ya Mrehani

Katika duka la taa, Bi Zuwena alitoa kapuni kopo lenye mche wa mrehani uliopauka. Tangu jengo jipya lizibe jua, huo ndio pekee uliosalia kwenye kihema chake cha kuoteshea mimea chumbani, na mjukuu wake aliutaka kwa kikuba cha harusi, kile kishada cha majani na maua ya kunukia.

"Bibi, chukua hii kubwa," alisema Shomari, mwenye duka.

Bi Zuwena akaiwasha, akaweka kiwiko chini ya mwanga wake. "Itauunguza." Akajaribu ndogo, ya bei nafuu. "Hii."

"Taa haipimwi kwa kiwiko!" Shomari alicheka, huku akimvutia kiti.

"Watoto saba nimewapimia maji ya kuoga hivi hivi. Hakuna aliyebabuka."

Wiki ya tano alirudi. Kabla Shomari hajaliona kopo, duka zima lilinukia mrehani.