Ukurasa wa Mjane

Mshonaji aligundua kwamba ni mjane siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mumewe akiwa jikoni anamenya vitunguu.

Aliyemletea habari ni mdogo wake, kwa simu, huku analia. "Dada, shemeji amefariki lini? Mbona hamkutuambia?"

Alikuwa ameona ukurasa mtandaoni unaoitwa Nyumba ya Mjane. Ulikuwa na picha ya jiko la dada yake, na mikono ya dada yake ikifunga mtungi wa gesi. Chini yake kumeandikwa: "Tangu mume wangu afariki, gesi nabadilisha mwenyewe. Spana niliyotumia ni hii. Bonyeza hapa kuinunua."

"Shemeji yako yupo hapa anamenya vitunguu," mshonaji alisema. "Ngoja nikate simu, ndiyo naenda kumuua."

Mumewe hakukana. Alikuwa fundi wa friji, na tangu mgongo uanze kumsumbua alifunga karakana, akahamia kwenye kompyuta pale sebuleni. Kazi yenyewe aliieleza hivi: unachagua bidhaa, unaiambia programu ya akili bandia ikuandikie makala ya kuisifia, unaweka kiungo, na mtu akinunua kupitia kiungo chako unapata kamisheni. Mshonaji aliiita hiyo programu mke mwenza, kwa jinsi mumewe alivyoshinda akiongea nayo.

"Sasa kwa nini mjane?" aliuliza. "Si uandike kama fundi?"

"Mafundi wamejaa huko. Wajane hawana wa kuwaandikia."

"Basi mfufue huyo marehemu."

"Akifufuka nani atanunua?"

Mshonaji alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. "Angalau useme alikuwa mtu mwema."

"Hilo mke mwenzio keshaliandika. Tena anazidisha."

Shida, fundi alisema, ni kwamba programu inaandika kama mtu ambaye hajawahi kubeba mtungi. Maneno yamenyooka, lakini ndani hamna mtu. "Nakuhitaji wewe," alimwambia.

Basi ikawa kila jioni, cherehani ikishafunikwa, fundi anauliza na mkewe anajibu. Umeme ukizimika nyumba hii peke yake, utaanzia wapi? Hakujua. Fundi akampeleka kwenye kisanduku cha swichi nyuma ya mlango, akampiga picha akizirudisha moja moja, kisha akamwambia arudie bila picha. Siku nyingine ikawa mahali pa kufungia maji ya nyumba nzima. Siku nyingine kuzibua sinki.

"Wewe si umeshapiga picha?" mshonaji alilalamika, mikono imejaa uchafu.

"Rudia. Wasomaji wanajua mtu anayeigiza."

Jioni moja alimuuliza, "Ukiwa peke yako humu ndani, utaogopa nini?"

"Mlango wa nyuma."

Wiki iliyofuata kikaletwa kitasa kipya. Fundi alikifunga mwenyewe, akipumzika kila baada ya skrubu mbili, ndipo akaenda kukiandikia makala. Ikaja na sufuria ndogo, ya kumtosha mtu mmoja. Mshonaji aliigeuza mkononi, akaipandisha juu ya kabati. "Hii ya kupikia wanasesere," alisema.

Wajane wa kweli wakaanza kuandika. Mmoja alisema amekaa gizani siku tatu akiona aibu kumwita jirani, mpaka aliposoma makala ya swichi. Mshonaji aliusoma ujumbe ule mara mbili.

"Tunawadanganya hawa watu," alisema.

"Uongo ni mmoja tu," fundi alijibu. "Mengine yote ni kweli."

Mwezi ule mshonaji alimbania mumewe suruali kiunoni mara mbili. Fundi alisema ndiyo faida ya kuacha kula ovyo karakana. Alipokuwa akiibana mara ya pili, mdomo umejaa pini, fundi akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta:

"Utamkumbuka kwa lipi?"

"Nani?"

"Marehemu."

"Kukoroma. Hatimaye nitalala."

Fundi alicheka, akaandika. Kisha mikono yake ikatulia juu ya kibodi, haiendi mbele wala nyuma. Mshonaji alimtazama, akatoa pini mdomoni.

"Futa hilo," alisema. "Andika kwamba bado nalala upande wangu tu. Ule mwingine siugusi."

"Hilo mke mwenzio asingelijua," fundi alisema, akaandika polepole, neno baada ya neno.

Alhamisi asubuhi alianguka bafuni. Mshonaji alimwinua kwa kwapa, akashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Jirani akatoa gari. Hospitalini hawakuuliza jina. Muuguzi wa mapokezi alisema tu, "Ni yule fundi," wakamkimbiza ndani.

Saa sita mchana alitoka daktari, mama wa makamo. Alikaa naye kwenye benchi, akamshika mkono kabla hajasema kitu.

"Ametutoka, mama. Pole sana. Nashukuru tu kwamba mlipata muda wa kujiandaa."

"Kujiandaa na nini?" mshonaji aliuliza. "Alikuwa anaumwa mgongo."

Daktari alifungua faili, akalifunga bila kulisoma.

"Miezi mitano iliyopita nilimpa majibu yake, nikamsihi akueleze," alisema. "Kila alipokuja nilimuuliza kama ameshasema nawe. Akawa ananijibu kwamba mnalizungumza kila jioni. Kwamba wewe unamweleza utakavyoishi, na yeye anaandika."