Mlango Uliomsahau Bwana Kitwana

"Chausiku, harufu ya samaki wako imeingia mpaka kwenye mapazia yangu. Huu mtaa wa watu wastaarabu."

"Basi Bi Salha, jirani yangu, kamlalamikie mwenye nyumba."

"Si umemfungia nje?"

"Sikumfungia mimi. Kafungiwa na mlango wake."

Ndivyo sheria ilivyo. Mshahara ukichelewa siku kumi, mlango wa bosi unamsahau na kufuata kidole cha mfanyakazi. Akilipa, mfanyakazi ndiye anayeukumbusha mlango ni nani. Bwana Kitwana alituzungusha miezi mitatu, leo kesho, leo kesho, basi sisi washonaji wake tisa tukahamia kwake na watoto na masufuria. Wiki nzima nyumba imejaa kama ya harusi.

"Na yule binti anayekufulia," nikamuuliza Bi Salha, "umeshamlipa?"

Bi Salha akakumbuka ameacha chungu jikoni. Akaondoka mbiombio.

Mara simu zetu tisa zikalia pamoja. Mshahara umeingia, miezi yote mitatu. Vigelegele vikatikisa madirisha.

Nje, Bwana Kitwana alikuwa amesimama na shati lake la wiki iliyopita, kidole kwenye kufuli. Mlango haukufunguka. Ukaniuliza mimi, kwa sauti yake ya upole, "Huyu ni nani?"

Nikageuza samaki kwanza, na kule kumsubirisha kukaninogea kuliko nilivyotaka.

"Mgeni wetu," nikasema. "Karibu ndani, bosi. Nawa mikono, samaki bado wa moto."