Virago vya Kabeya

Rolande alianza kulia tangu ghorofa ya kwanza, na alipofika ya nne, mlangoni kwa wifi yake Alphonsine, sauti ilikuwa imemkauka. Nyuma yake alipanda kaka yake mkubwa, Kazadi, na kamba begani. Camionnette ya kukodi ya kubebea mizigo waliiacha chini, kando ya barabara ya Anderlecht.

Asubuhi ile Alphonsine aliwapigia simu: njooni, ni habari ya mdogo wenu Kabeya, na haisemwi kwenye simu. Kwao habari ya namna hiyo haiulizwi mara mbili. Sasa alifungua kinywa aiseme, lakini Kazadi hakumpa nafasi.

"Funga virago yako, maman," alisema. "Vitu ya ndugu yetu ni ya famille. Na nyumba vilevile."

Hasira ilimpanda Alphonsine mpaka masikioni. Miaka kumi na minane ya kupanda metro ya kwanza kwenda kusafisha ofisi za Brussels ndiyo iliyoilipia nyumba hii. Akakumbuka jinsi bibi yake wa Kalemie alivyomweleza maana ya virago: ni mikeka ya wasafiri, waliyoilalia njiani, na kukicha wakaikunja, wakaifunga, wakaondoka. Mwenye mji hakufunga kitu.

"Bon," alisema. "Vitu ya Kabeya nitafunga miye mwenyewe. Lakini miye sitoki. Contrat ya nyumba iko na jina yangu."

Kazadi akatishia, akataja wazee wa kwao Likasi, akataja avoka na mahakama. Alphonsine alikuwa ameshaanza kukunja suti. Alifunga mashati, viatu, televisheni, hata mswaki. Hakuna aliyemuuliza ilikuwaje. Rolande alifuta machozi apate kuona vizuri kinachotoka, kisha akaulizia ile saa ya dhahabu. Alphonsine akamjibu kwamba Kabeya anayo mkononi. Rolande akaguna, saa nzuri hivyo kuachwa ipotee.

Saa kumi jioni walikuwa kwenye ngazi na mzigo wa mwisho, godoro, Kazadi mbele, Rolande nyuma. Ghorofa ya pili wakakwama. Kulikuwa na mtu anapanda.

Alikuwa Kabeya, anatoka kazini.

Alphonsine akainama juu ya ngazi. "Papa Kazadi, mumubebe na yeye," alisema. "Ndiyo ile habari niliwaitia."