Sisimizi Aliyejipima Kila Siku

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Sisimizi aliinua punje ya mahindi, akaitua huku miguu ikimtetemeka. Aliyetaka kubeba mayai ya malkia ilimpasa kuinua punje hiyo mbele ya malkia mwenyewe Jumamosi. Kwa wasiwasi, Sisimizi akaijaribu asubuhi na jioni hadi Ijumaa. Jumamosi punje haikutikisika, na mayai akapewa mwingine hadi masika ijayo.

Dundu, fundi wa kuviringisha mavi, akamuuliza, "Shoga, ulijipima mara ngapi?"

"Kumi."

"Na mazoezi?"

Sisimizi akainamisha kichwa. "Sikufanya."

"Loo! Nguvu zote umezimaliza kwa kuzipima."

Kesho yake asubuhi Sisimizi aliinua punje ya mtama mara tano, akaitua angali na nguvu ya mara ya sita.