Kisanduku cha Kamani

Niliposimuliwa kisa hiki kwa mara ya kwanza, niliuliza habari za bunduki, za kiwanda na za barua. Habari za kisanduku sikuuliza, ingawa msimulizi alikitaja mara kadhaa. Kosa hilo lilikuwa pia la fundi Shaibu, naye alikuwa na sababu kubwa kuliko yangu ya kukitazama.

Asubuhi ya Alhamisi moja, mwaka 1913, askari wa boma la Dodoma alisimama mlangoni mwa karakana yake.

"Bwana Mkubwa anataka bunduki yake kesho adhuhuri. Anakwenda kuwinda kanga. Isipokuwa tayari, anachukua kibali chako cha ufundi, na juu yake viboko hamsa ishirini."

"Mwambie kamani haijafika."

"Mwambie wewe. Mimi mgongo wangu naupenda."

Bunduki hiyo ya marisau, ya mitutu miwili, ilikuwa mezani mwezi wa sita sasa. Kamani yake, kile kipande cha chuma kilichokunjwa ambacho huirusha nyundo, ilikuwa imekatika. Shaibu aliweza kutengeneza kila kitu katika bunduki isipokuwa hicho. Alikuwa amejaribu miaka mingi, na kila kamani aliyoifua ilivunjika kama bua la mtama. Aliamini kwamba siri yake waliijua watu wa kiwanda kimoja tu, huko Ujerumani.

Kwa hiyo kila kamani ilipokatika, alimpa mkewe Mwanaharusi vipande avipeleke posta viwe mfano. Miezi ikipita, mkewe alirudi na kisanduku cha bati chenye doa la wino pembeni, na ndani yake kamani mpya iliyofungwa kwa karatasi ya nta. Tangu reli ilipofika, zilikuwa zimekuja sita. Kisanduku Shaibu alimrudishia mkewe atilie chumvi.

Mwanaharusi hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha karakana. Shaibu alifundishwa na baba yake kwamba chuma kikionwa na mwanamke kingali motoni, hupasuka. Jiko la mkewe lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa udongo, na kutoka huko alimsikia mumewe kutwa, maana Shaibu alikuwa na tabia ya kufanya kazi huku akijisemea: bado, bado, sasa chekundu, sasa mafuta, taratibu.

Askari alipoondoka, harufu kali ilipenya ukutani.

"Mama Stara! Unaunguza mafuta tena! Mara ya tatu juma hili. Miaka kumi na minane ya ndoa, hujajua kukaanga?"

"Unisamehe, baba Stara. Moto wa leo ni mkali."

"Na posta hujaenda!"

"Nitakwenda nikimaliza hapa."

"Ukija kumaliza, Bwana Mkubwa atakuwa amenimaliza mimi. Naenda mwenyewe."

Hakuwahi kwenda mwenyewe. Seth, karani wa posta aliyesomeshwa misheni, alishangaa kumwona dirishani.

"Shikamoo, fundi. Leo umekuja wewe? Mama mgonjwa?"

"Marahaba. Mzima, anaunguza mafuta. Kisanduku changu kiko wapi?"

"Kisanduku hakuna. Kuna barua."

Shaibu aliijua. Miezi mitatu nyuma, bila kumwambia mkewe, alimwomba mwalimu wa misheni awaandikie watu wa kiwanda na kuwakaripia kwa uzembe wao. Seth alifungua bahasha, akaifasiri polepole:

"Tumestaajabu kupokea lawama zako. Bunduki za mitutu miwili tuliacha kuzitengeneza mwaka 1910, pamoja na vipuri vyake vyote. Tulikuarifu hivyo kwa barua ya Machi 1911. Tangu hapo hatujakutumia kitu chochote."

"Waongo!" Shaibu alipiga ubao wa dirisha kwa kiganja. "Kamani sita wamenitumia! Zote zimo katika bunduki za watu, na hakuna hata moja iliyokatika! Sasa kwa kuwa nimewakaripia, wanajifanya hawanijui?"

"Mimi nimesoma tu, fundi."

Njia nzima alikwenda akilaani. Alilaani kiwanda, alimlaani mwalimu kwa kuandika maneno makali mno, akajilaani mwenyewe kwa kumtuma aandike. Kufikia kesho adhuhuri hangekuwa na kibali, na bila kibali hangekuwa fundi tena.

Mwanaharusi alikuwa akimngoja mlangoni, kitambaa kimefungwa kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia. Alimpa kisanduku cha bati.

"Kimefika, baba Stara. Mmepishana njiani."

Shaibu alilitazama doa la wino. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha alifunua karatasi, ambayo nta yake ilikuwa imelainika, akaishika kamani.

Ilikuwa bado ina moto.

Ijumaa adhuhuri askari aliichukua bunduki. Na kuanzia juma lililofuata, chakula cha mchana katika nyumba ile kilipikwa na Shaibu.