Darasa Lililojaa

Mwalimu Geofrey hakujali kama mwanafunzi anauona ubao au hauoni. Alichotaka ni kwamba aje.

Ndiyo maana Penina alikuwa amesimama uani kwa mzee Matonya, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu kwa miaka mingi.

"Shikamoo, babu. Nimekuja kukuchukua twende darasani."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sioni hata mbuzi wangu, nitaziona herufi?"

"Mwalimu anasema masikio yanatosha."

"Basi anifundishe kuomba ugoro kwa Kiingereza," mzee akasema, huku akiipapasa fimbo yake.

Penina alicheka, ingawa jambo lililomtoa nyumbani halikuwa la kuchekesha. Kampuni moja ilitaka bonde lote la korongo ili ilime zabibu. Huko korongoni, katika visima vya mchangani, ndiko ng'ombe wote wa kijiji walikonyweshwa kiangazi kilipokaza, pamoja na wale alioachiwa na marehemu mumewe. Bonde likienda, kijiji kingebaki jina tu.

Mpaka wakati huo walikuwa wamejilinda kwa njia moja: kutokwenda. Kila mkutano mkuu wa kijiji ulipoitishwa ili bonde lijadiliwe, watu walibaki mashambani, na mwenyekiti Gerson akaishia kuwahutubia mbuzi waliokuja kujikinga jua. Akidi isipotimia hakuna uamuzi, na pasipo uamuzi hakuna wa kuligusa bonde.

Lakini Penina aliona kwamba ngao hiyo haitadumu. Siku moja wangelazimika kukaa na wageni wale, na makaratasi yangekuwa ya Kiingereza. Katika kijiji cha jirani watu waliitikia maneno wasiyoyajua, na sasa walichota maji mbali. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma ukubwani, akiwa na mtoto mgongoni, na aliijua vema aibu ya kutikisa kichwa mbele ya jambo usilolielewa.

Kwa hiyo kijana nadhifu aliposhuka kwenye bodaboda kutoka Mpwapwa, akawaamkia "Mbukwenyi" ingawa hakuwa Mgogo, na kutangaza kwamba atafundisha bure Kiingereza cha uchumi, biashara na serikali, Penina alikuwa wa kwanza kuketi.

Wifi yake, Loisi, hakushawishika.

"Mtu wa bure ana lake, wifi. Huenda anatufundisha kinyume, ili siku ya siku tuseme ndiyo tukidhani tumesema hapana."

Maneno hayo yalimnyima Penina raha. Tangu hapo, kila baada ya somo alimpigia simu bintiye Erica, aliyekuwa akisoma chuo na kupanga chumba Nkuhungu, akamsomea aliyofundishwa: "investor" ni mwekezaji, "lease" ni kukodisha, "compensation" ni fidia, "consent" ni ridhaa.

"Yote sahihi, mama," Erica alijibu kila mara. "Huyo mwalimu anaijua kazi yake."

Shaka ikamtoka. Akabaki na jambo moja la kumhangaisha, lile ambalo mwalimu hakuchoka kulitaja huku akipitisha macho juu ya vichwa vyao.

"Darasa bado halijajaa. Wa kitongoji cha juu wako wapi? Maarifa ya watu wachache hayawezi kulilinda bonde."

Penina akapanda kitongoji cha juu. Akaingia nyumba kwa nyumba, akabembeleza, akakemea, akabeba watoto wa wengine ili mama zao wapate nafasi. Mwishowe hata Loisi alikuja, akisema amechoka kupika peke yake wakati kijiji kizima kinasoma.

Somo la mwisho lilifanyika nje, kwa sababu chumba hakikuwatosha tena. Mwenyekiti Gerson alikaribishwa kukaa mbele kama mgeni wa heshima. Kando yake alikaa mtu mwenye kishikwambi, aliyetambulishwa kuwa mkaguzi wa elimu ya watu wazima. Upepo ulipeperusha vumbi jekundu machoni mwao, lakini hakuna aliyeondoka.

"Nitataja neno," mwalimu alisema. "Anayejua maana yake anyooshe mkono. Tafadhali, msiniaibishe mbele ya wageni."

Akataja: "Consent."

Mikono ikapaa. Penina aliunyoosha wake mpaka bega likauma. Mzee Matonya akainua fimbo. Mkaguzi akapanda juu ya benchi, akapiga picha, akashuka, akalihamishia benchi upande wa pili, akapiga tena.

Mwalimu hakumwita mtu yeyote ajibu. Aliwatazama kitambo, kisha akafuta ubao taratibu.

"Sasa limejaa," akasema.

"Mbona hakuniuliza?" Loisi alinung'unika njiani. "Jibu nilikuwa nalo mdomoni!"

Mwalimu hakuonekana tena. Waliokuja baada yake ni matrekta, asubuhi moja, yakashuka moja kwa moja hadi bondeni na kuanza kung'oa miiba iliyozungushwa kwenye visima.

Penina aliwatangulia wenzake. Msimamizi wa kampuni alikuwa ameegemea gari lake. Penina alisimama mbele yake.

"We did not give consent," alisema, kila neno mahali pake. "No consent, no lease."

Msimamizi alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Shikamoo, mama. Kiingereza chako ni kizuri sana," akasema, akafungua kishikwambi na kumgeuzia.

Ilikuwa picha ya umati mchana kweupe, mwenyekiti akiwa mbele, mikono yote juu, na wa Penina juu kuliko yote. Maelezo yaliyokuwa chini yake yaliandikwa kwa Kiingereza: mkutano mkuu wa kijiji, akidi imetimia, wananchi wote wamepiga kura kulitoa bonde. Penina aliyasoma mpaka mwisho, bila kukwama kwenye neno hata moja.